Mvua ya Jabe Imeishinda ya Kanyosha

Ijumaa, tarehe 8 mwezi wa tatu, 2002

Sumaya amechaguliwa! Kati ya walimu arobaini – arobaini, nimeuliza mara mbili – wamechukua watano tu, na mmoja ni wangu. Anakwenda Gitega wiki tatu kufundishwa namna ya kufundisha walimu wenzake. Mwalimu wa walimu. Formatrice! Neno hilo nimelisema sokoni kutwa nzima, mpaka ndagala zangu, hawa samaki wadogo ninaowauza, zimelijua.

Bismillahi. Sasa naanza vizuri.

Kaye hii, daftari ninaloandikia, kanipa yeye mwenyewe. Amenunua mbili. Ya buluu ni ya kazi, nitaieleza. Hii nyekundu ni yangu, kasema niandike ninachotaka, asije akarudi akanikuta naongea na kuta. Mi nimesoma miaka minne tu, pamoja na chuo cha Kurani, lakini mwandiko wangu hakuna aliyeutia ila.

Habari yenyewe ni hivi. Tangu mwezi wa kwanza kuna semina ya sayansi na mazingira kwa walimu wa shule za msingi, kila Jumamosi. Vitabu hakuna, maabara hakuna, vita imekula vyote. Basi wanafundishwa kutumia vitu vya nyumbani. Sumaya wangu ndiye aliyetengeneza mizani kwa hanga ya nguo na vizibo vya bia (vya kuokota, Mungu anajua). Ndiye aliyetia minyoo ya ardhi ndani ya chupa ya kioo, mchanga chini, udongo mweusi juu – na baada ya wiki vyote vimechanganyika, kama mkulima kapita humo na jembe. Inspekta Gélase, mkubwa wa semina, kaishika ile chupa kama anashika mtoto mchanga. Hayo nimeambiwa, sikuwepo. Lakini nimeyaona.

Hamimu, baba yake, angekuwa hai leo angepiga honi ya kila gari lililomo gereji.

Jumapili, tarehe 10

Kesho anaondoka. Nguo nimepiga pasi mara mbili.

Sasa kazi ya kaye ya buluu. Kila aliyechaguliwa, hata wa akiba, lazima awe na kituo cha mvua kwake. Kituo! Ni kopo tupu la maziwa ya unga, kubwa, limekaa juu ya mawe matatu katikati ya uwanja, mbali na bati ili maji ya paa yasiingie. Kila asubuhi saa moja, kama mvua imenyesha, natia rula, nasoma milimita, naandika. Kama haikunyesha naandika sifuri. Vituo viko mji mzima, Kanyosha, hapa kwetu Jabe, kila upande, na namba zote zinachorwa kwenye karatasi kubwa ofisini.

Sumaya kanirudilia mara tatu kama mimi ni wa darasa la kwanza: unapima, unaandika, unamwaga. Unapima, unaandika, unamwaga. Nikamwambia nilikuwa napima ndagala kabla yeye hajazaliwa.

Akirudi atatoa somo moja la majaribio mbele ya walimu na inspekta. Likipita, ni formatrice wa mji mzima, kwa barua na muhuri. Lisipopita, anaingia wa sita. Wa sita anaitwa Astère, mwalimu wa Kanyosha, alikosa kwa nukta moja. Ndiye atakayepita kila Jumamosi kuchukua namba zangu. Mtu wa sita anakuja kunywa chai nyumbani kwa wa tano! Haya. Atakunywa.

Jumanne, tarehe 12

Alipanda konvoi jana saa mbili. Gari za jeshi mbele na nyuma. Barabara ya kupanda Bugarama, wanakovizia magari, kila mtu anaijua, sitaandika zaidi.

Leo alfajiri mvua. Milimita nane. Nimeandika.

Sikumwaga. Bibi mzaa mama, aliyetulea hapa hapa Jabe, alikuwa hamwagi maji ya mvua ya uwanjani wakati mtu wa nyumba yuko safarini. Maji yanangoja, na nyumba inangoja. Siku msafiri anarudi anavua viatu mlangoni, anamwagiwa yale maji miguuni – basi, hapo safari imekwisha. Hamimu alikwenda Uvira na kurudi miaka yote ile kwa maji ya namna hiyo. Siku aliyokufa hakuwa safarini, alikuwa kitandani kwake.

Sumaya kasema nimwage. Sumaya hajazaa.

Ijumaa, tarehe 15

Jana ishirini na mbili! Leo thelathini na moja! Mvua ya mwaka huu inatujua.

Askari wa doria amesimama mlangoni, kaniona nimeinama na rula. Akauliza nini naandika kila asubuhi. Nikamwambia mvua. Akafikiri. Akauliza kama naandika na ya kwao Ngozi. Nikamwambia Ngozi watafute mama wao.

Jumamosi, tarehe 16

Huyo Astère amekuja. Mrefu, mwembamba, na baiskeli, suruali kaibana na kibanio cha nguo. Adabu anayo, siwezi kusema. Kavua kofia, kauliza habari ya Sumaya kabla ya namba.

Nikampa jumla ya wiki: sitini na moja. Kaiangalia. Kauliza kwa upole kama nina hakika. Kwao Kanyosha wamepata thelathini.

“Mama, kutoka kwetu mpaka hapa ni kilomita chache,” akasema.

“Jabe ni Jabe,” nikamwambia.

Kacheka, kaandika. Chai ya tangawizi kanywa vikombe viwili. Kwa mtu aliyeshindwa kwa nukta moja na sasa kashindwa kwa mvua, amevumilia vizuri.

Sokoni nimetangaza. Kudra, anayeuza maharagwe mkeka wa pili kutoka wangu, rafiki yangu tangu tuko wasichana, na mdomo wake ni ule ule, akasema: “Shoga, watoto umewasifu, ndagala umezisifu, sasa hata mvua unaisifu kama umeinyesha we.” Wateja wakacheka. Nikacheka na mimi. Lakini nani mwingine sokoni ana kituo?

Jumatano, tarehe 20

Milio ya bunduki upande wa Kanyosha tangu jana mchana. Watu wanashuka na magodoro kichwani. Mabomba hayatoi maji siku ya tatu.

Jumatatu niliandika arobaini na mbili. Leo arobaini na tisa. Maji yamefikia katikati ya kopo. Nimelisogelea tu, nimelisalimia. Liko mahali pake.

Jumamosi, tarehe 23

Nina habari!

Kwanza namba: mia moja hamsini na tatu kwa wiki. Kanyosha thelathini na mbili. Thelathini na mbili! Nilimwonea huruma Astère, nikamkatia mkate wa pili.

Halafu yeye akanieleza. Pale ofisini mstari wa Jabe kwenye karatasi kubwa umepanda mpaka wameunganisha karatasi nyingine juu. Kwa rangi nyekundu. Inspekta Gélase kakaa mbele yake na mikono nyuma, na kapata maelezo: ni mabati ya maghala ya Zone Industrielle, kule kwenye viwanda. Jua linayachoma, hewa ya moto inapanda, inakutana na wingu la ziwa, na wingu linaangukia hapa kwetu Jabe. Kaiandika yote katika ripoti yake. Ripoti imekwenda kwa wale wanaolipia mradi.

Nimeishi Jabe miaka hamsini na tano na sikujua kama naishi chini ya jambo la namna hiyo. Lakini ukifikiri – ni kweli, mabati yale yanawaka.

Na bado! Inspekta kapiga simu Gitega. Sumaya kafurahi sana, kasema somo lake la majaribio litakuwa hilo hilo: kwa nini Jabe inapata mvua kuliko Kanyosha. Kituo cha mama yake! Kaye ya mama yake!

Nimeuza ndagala leo bila kupunguza hata kwa mtu mmoja. Kichwa kiko juu, bei iko juu.

Alhamisi, tarehe 28

Nimegombana na Kudra. Sitaongea naye mpaka Idi.

Kumbe tangu Jumapili ameweka kopo lake la siagi uwanjani, na rula ya mjukuu. Nyumba tatu kutoka kwangu! Hakuniambia. Jumatatu kaandika saba kwenye ukuta kwa mkaa, mi nimeandika sitini na tisa. Leo yeye kumi na mbili, mi themanini na moja. Basi kaja sokoni, kasubiri wateja wawe wengi.

“Dada, wingu letu ni moja,” akasema. “Linapita kwangu linapiga chafya tu, likifika kwako linafungua bomba?”

Nikamwambia kopo la siagi si kituo. Nikamwambia hajafundishwa. Nikamwambia hata inspekta kasema ni mabati ya Zone Industrielle. Akauliza kama mabati yanaijua nyumba yangu kwa jina. Wakacheka tena, safari hii mi sikucheka.

Wivu. Mtoto wake Karimu hajachaguliwa kitu.

Namba zake lakini nimezikumbuka. Saba. Kumi na mbili. Zimekaa kichwani kama punje katikati ya meno.

Jumamosi, tarehe 30

Alfajiri mvua. Rula: tisini na sita.

Sikuandika mara moja. Nilitoka na kanga ya kichwani tu, nikapita nyumba tatu. Ukutani kwa Kudra alama ya mkaa ilikuwa bado mpya. Kumi na tano. Yeye alikuwa ndani, nilisikia redio yake. Nikarudi.

Nikachukua penseli. Tisini na sita, toa themanini na moja: kumi na tano. Themanini na moja, toa sitini na tisa: kumi na mbili. Sitini na tisa, toa sitini na mbili ya Ijumaa ile nyingine: saba.

Saba, kumi na mbili, kumi na tano. Namba za Kudra. Zimo ndani ya kopo langu zote, zimekaa moja juu ya nyingine, na zile za mwanzo zimekaa chini yake.

Unapima, unaandika, unamwaga. Mi sikumwaga. Kila siku nimepima ya leo na ya jana na ya juzi, nikaiita ya leo. Wiki tatu.

Lile kopo lote, tangu Sumaya aondoke, ni milimita tisini na sita. Mi, pamoja na za wiki hii, nimewaandikia mia nne na sitini. Wamezichora nyekundu. Inspekta kazitafutia maghala.

Nilikaa juu ya kigoda, na Astère akapiga hodi.

Tope mpaka magotini. Akaomba radhi kwa viatu vyake. Nikauliza wanaendeleaje Kanyosha. Akasema hawako tena Kanyosha, siku ya kumi leo. Yeye na mkewe Léoncie na watoto wanalala kwa shemeji yake, mtaa wa Bwiza, mpaka kutulie.

“Na kopo lako?” nikauliza.

“Kopo liko Kanyosha, Mama. Ndiyo nalifuata kila asubuhi.”

Anangoja barabara ifunguliwe, anapanda na baiskeli, anapima, anaandika, anamwaga, anashuka. Askari wa kizuizini sasa wanamjua, wanamwita Bwana Mvua. Juzi walimwambia geuka, akageuka, akalala kifudifudi mtaroni mpaka risasi zilipotulia, halafu akaenda. Kwa milimita kumi. Alikuwa anasimulia kwa kicheko, kama mtu anayesimulia safari ya harusi. Jumla yake ya wiki tatu: tisini na tano.

Tisini na tano! Yeye tisini na tano, mi tisini na sita. Mvua ni moja.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Ndipo akasema alikuwa na barua. Inspekta kaamua: somo la Sumaya halitafanyika ofisini. Semina nzima inakuja hapa kwangu, Alhamisi, waone kituo cha Jabe kwa macho yao. Walimu thelathini na wanne, ukiondoa wale watano na yeye mwenyewe. Ni likizo ya Pasaka, wote wako huru.

Karatasi ya wiki hii ilikuwa mezani. Nilikuwa nimeshaandika 69, 81, na mkono ukaongeza 96, ukampa. Mkono huu huu. Mdomo ulikuwa umejaa chai.

Kaenda. Nimeona kutoka mlangoni anavyopiga pedali na ile namba mfukoni. Kama ningemwambia, yeye anapata nafasi ya Sumaya. Kama sikumwambia – sijui niliandike vipi.

Jumapili, tarehe 31

Wakristo wana Pasaka. Nyimbo tangu alfajiri.

Nimezunguka lile kopo mara nyingi. Ningelimwaga leo nani angejua? Maji hayana jina. Alhamisi wangekuta kopo kavu na kaye safi. Inspekta angeonyesha mabati, Sumaya angeeleza wingu, wangepiga makofi.

Lakini Sumaya bado yuko njiani. Na tisini na sita si yangu kuimwaga.

Kudra amepita, kaacha sahani ya maharagwe kwenye kizingiti. Nimeyala.

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa nne

Amerudi! Alhamdulillahi, amerudi mzima, mweusi kwa jua, kanenepa mashavu. Konvoi ilisimama Bugarama saa tatu nzima, hawakuambiwa kwa nini. Imefika saa kumi.

Akaniona, akacheka, akavua viatu mlangoni kama alivyozoea tangu akiwa mtoto, akasimama kwenye jiwe na miguu yake pamoja. Akangoja maji.

Mi nikasimama na kopo mikononi. Zito.

Kauliza kama nimesahau, miguu inapoa. Nikamwambia atazame ndani. Akatazama. Akatazama bati, akatazama mawe matatu, kisha akanitazama. Mtoto huyu ana akili, sikuhitaji kueleza mengi.

“Tangu siku gani hukumwaga?” akauliza.

“Tangu ulipoondoka.”

“Mama, mi nilikwambia mara tatu. Kwa nini?”

“Ulikuwa njiani.”

Alikaa pale pale kwenye jiwe, viatu mkononi. Nikamweleza yote mengine kwa kusimama, ya Kudra na mkaa wake, ya Astère na mtaro, ya ile karatasi niliyompa nikiwa najua. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoiinamia. Akasema kosa ni kosa, hata yeye amekosea mengi, lakini hiyo Jumamosi haikuwa kosa. Akasema polepole, bila hasira, kama anavyoongea na mwanafunzi wake. Ingekuwa afadhali hasira.

Begi lake lina karatasi kumi na mbili za somo. Niliziona alipozitoa: Jabe mnara mwekundu, Kanyosha kisiki. Wingu kalichora vizuri sana, na maghala, na mishale ya hewa ya moto. Siku kumi za kazi. Kazikunja.

Kaingia ndani bila kumwagiwa miguu. Chakula kala kidogo. Pilau yangu!

Jumatano, tarehe 3

Asubuhi nilimkuta uwanjani kabla yangu, kachuchumaa mbele ya kopo na rula. Hakuna mvua tangu Jumamosi. Kasoma: tisini na sita, imepungua unywele mmoja, jua limekunywa lake. Kaomba kaye ya buluu.

Ametoa kila namba kutoka kwa inayofuata. Nane. Kumi na nne. Tisa. Kumi na moja. Mpaka mwisho. Pembeni akaweka za Kanyosha, ambazo Astère alimwachia Jumamosi kwenye bahasha. Tisini na tano na tisini na sita. Akachora upya, mistari miwili, inapanda pamoja na kushuka pamoja, kama watu wawili wanaotembea barabara moja.

Nikaleta chai, nikamwambia kwamba hata hivyo tumewazidi kwa milimita moja. Hapo ndipo alipocheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Nikamuuliza atafanya nini kesho. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kwa inspekta leo, nivae buibui langu la Idi, nimwambie mzee mmoja wa Jabe amechanganyikiwa, mtoto hana kosa. Akasema hapana. Inspekta ana mabati yake katika ripoti, ripoti imekwenda, na si mtu anayependa kurudi nyuma. Akiambiwa leo ofisini atafunga mlango, atafuta somo, na ile mia nne na sitini itabaki ilipo, na mwaka kesho watoto wa mji mzima watafundishwa kwamba maghala yanaleta mvua. Lazima aambiwe hapa, mbele ya kopo, ambapo kila mwalimu anaweza kutia rula yake mwenyewe.

“Namba zimekosea,” akasema. “Maji hayakukosea. Yako yote hapa, Mama, hata tone hujaiba. Kesho we ndiye utawaonyesha.”

Mimi! Mbele ya walimu thelathini na wanne! Nikamwambia nimesoma miaka minne. Akasema anajua, mi ndiye niliyemwambia kila siku ya maisha yake. Nitasimama, nitasema nilivyopima, na kwa nini sikumwaga. Na Jumamosi pia nitaisema? Na Jumamosi pia. Halafu walimu watatoa namba wenyewe, kila mmoja kwenye kaye yake, na yeye hatasema neno mpaka wamefika kwenye kumi na tano. Hilo ndilo somo. Yale makaratasi kumi na mbili kayaweka chini ya godoro.

Nikauliza kama barua yenye muhuri itapona. Akasema hajui. Akasema hivyo tu, akaendelea kuchonga penseli.

Na kama nafasi itakwenda kwa Astère? Nimelifikiri tangu adhuhuri. Mtu aliyelala mtaroni kwa ajili ya milimita kumi, akiichukua, sitasema kitu. Nitasema kidogo.

Jioni nimekwenda kwa Kudra mwenyewe. Nikasimama karibu na ule ukuta wa mkaa. Yeye hakunisaidia hata kidogo, alinitazama tu kwa raha zake. Mwisho nikamwambia kopo la siagi lilikuwa sawa. Akaniambia nirudie, alikuwa na redio. Nikarudia. Akaniambia nirudie kwa sauti ya sokoni! Nikaondoka, nikasikia anacheka mpaka nafika kwangu. Lakini kaahidi kuja, na kopo lake kwapani, awe shahidi. Hakuna aliyemwalika na hakuna atakayemzuia.

Uwanja nimeufagia. Viti nimeazima vya harusi, ishirini, wengine watakaa mkekani. Mandazi nimekanda ya watu hamsini, wasije wakasema Jabe ilikosea mvua na mandazi pia. Maneno yangu nimeyajaribu mbele ya kuku. Naanza kwa kumtaja bibi.

Kitu kimoja kinanisumbua. Sumaya anatembea ndani ya nyumba na miguu yake haijamwagiwa maji. Yuko hapa, namsikia anavyoimba akioga, lakini kwa hesabu ya bibi bado hajafika. Nilimwambia. Akasema tuvumilie, wakishapima wote, hata inspekta, nitammwagia mbele yao, yote tisini na sita, na Gélase aandike hilo katika ripoti akitaka.

Wingu limekaa juu ya Kanyosha, kubwa, la buluu. Sijalifunika kopo. Kituo hakifunikwi. Ikinyesha tutaitoa kwenye hesabu.

Walimu thelathini na wanne, inspekta na rula yake ya chuma, Astère na baiskeli, Kudra na siagi. Wote wanakuja kesho, Alhamisi, saa tatu.